Upau wa Pembeni

Waliniita Kule. Kwetu Bukonzo
jina ni foleni: Baluku hutangulia,
Bwambale humfuata, Masereka wa tatu,
mimi wa nne, nyuma yao.
Ukija na Kiswahili chako, jina hilohilo
linageuka mahali: kule, si hapa,
kule watoto wanakoambiwa wakachezee.

Basi ushirika wa kahawa wa Kyarumba
uliponipa kazi ya kupanga tovuti
nilijua kidogo habari za nafasi.
Mama yangu huanika buni. Mimi hubuni.
Yeye bado huuliza ni ipi kati ya hizo inayolipwa.

Nilianza na ukurasa mtupu, mweupe,
sakafu iliyofagiliwa kabla ya gunia la kwanza kumwagwa.
Kichwa juu, miguu chini, katikati uwanja,
na kuliani, upana wa vidole vitatu,
upau wa pembeni.

Sikujua kwamba vita vingepiganwa pale.

Mwenyekiti alitaka picha yake,
ile ya suti ya kijivu, mkono juu ya gunia,
ikae kwenye upau, juu kabisa, kila ukurasa,
"ili mgeni asipotee."
Mweka hazina akataka nembo ya benki.
Katibu akataka saa yenye mshale unaozunguka,
na hali ya hewa ya Hamburg, maana wanunuzi wako huko.
Mchungaji, ambaye hata mwanachama si,
alinitumia mstari wa Zaburi usiku
akaniuliza kama patabaki upenyo.

Wiki tatu nilihamisha masanduku.
Niliburuta, nikaachia, nikaburuta.
Nilipunguza pambizo ya kushoto, nikaongeza ya kulia.
Kijani cha majani nilikifanya
kijani cha kitambaa cha meza ya mikutano,
kisha nikakirudisha kilivyokuwa,
nao wakasema: hapo sasa umeweza.

Kabugho, anayepima kilo pale mizanini,
aliomba mara moja tu:
bei ya leo ikae mahali ionekane.
Upau umejaa, wakamjibu.
Iweke humo katikati, palipobaki.
Nikaiweka. Mstari mmoja, herufi za kawaida.

Siku ya uzinduzi projekta ilikuwepo,
umeme haukuwepo.
Mwenyekiti akasema, basi fungueni kwenye simu.
Zikatoka simu: mifukoni, vikapuni, kwenye pindo za vitenge,
vioo vimepasuka, vidole vyeusi kwa maganda.

Kuna jambo sikuwaambia.
Sikulificha. Hawakuuliza.
Kwenye kioo chembamba upau hauna pa kusimama kando.
Unashuka. Unapita chini ya habari zote,
chini ya ramani, chini ya historia ya ushirika
tangu mashine ya kwanza ya kumenyea,
unakwenda kukaa mwisho kabisa
na suti yake, na benki yake,
na Zaburi, na mvua ya Hamburg.

Kimya. Vidole gumba vikapanda, vikashuka.
Kabugho akasoma bei ya kilo kwa sauti.
Mwanamke wa nyuma yake akaisoma tena,
polepole, kama anayehesabu chenji.
Mzee Thembo, ambaye macho yamemwacha, akasomewa,
akauliza, "Ya leo?"
Ya leo.
"Jana yule wa lori alinipa nusu yake."

Hapo ukumbi ukaanza kuongea,
wala si kuhusu rangi.

Mwenyekiti alinijia na simu yake mpya,
ameinamisha kichwa, anatafuta.
"Kijana, picha yangu iko wapi?"
Teremka, nikamwambia. Teremka tena. Bado.
Iko kule.

Akanipa mkono.
Alidhani najitambulisha.