Linalia Lini

Karina niliinunua kwa mtu wa Magu,
milioni nne na nusu, na maneno matatu:
"Haina shida, dada."
Wiki haijaisha gari likaanza kulia.
Kwi-i-i-i, saa kumi na moja alfajiri,
Nyasaka nzima ikajua
nesi kaamka.

Likipata moto hunyamaza.
Likikata kona hukumbuka.
Ukiwasha taa na feni kwa pamoja
hulia kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

Kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga
kila mtu ni fundi, mpaka umpe spana.
Muuza karanga: "Mkanda huo, umezeeka."
Utingo wa lori la pumba: "Alteneta. Andaa laki na nusu."
Mwanafunzi mmoja, begi mgongoni:
"Mama, kuna ndege ndani."
Mwingine akanikatia kipande cha sabuni ya mche,
paka kwenye mkanda, utanikumbuka.
Nikapaka. Nikamkumbuka siku mbili.
Ya tatu mlio ukarudi,
msafi.

Fundi Nyanzala wa Mabatini, gereji yake imebanwa na majabali,
hakuuliza gari la mwaka gani.
Aliuliza: linalia lini?
Nikacheka, maana swali hilo ni langu,
nalibeba wodini Sengerema kila zamu:
yanaanza lini, yakija yanakaa wapi,
ukilala upande gani yanapungua.

Akachota maji kwa kopo la maziwa ya unga,
akayadondoshea mkanda unaozunguka.
"Likinyamaza, mkanda unateleza.
Lisiponyamaza, tunausingizia."
Halikunyamaza.

Akavuta bisibisi ndefu, mpini sikioni,
ncha kwenye alteneta: siyo.
Kwenye pampu ya maji: siyo.
Akaisogeza, taratibu, hadi puli ndogo ya pembeni,
ile isiyozalisha umeme wala kusukuma maji,
kazi yake kuuonyesha mkanda njia tu.
Akafumba macho.
Akanipa bisibisi, nisikie mwenyewe.

Changarawe. Changarawe inatafunwa.

Miaka kumi na tisa nasikiliza vifua vya watoto,
kichomi nakijua kabla mama hajafungua kanga.
Sikujua chuma nacho hukaukiwa
kikaendelea kuzunguka, kikiomba grisi kwa sauti,
na sisi tukamlaumu jirani yake.

Beringi elfu kumi na nane, ufundi elfu kumi.
Ile ya zamani aliniwekea kiganjani ingali ya moto.
Nikaisukuma kwa kidole:
kwi.

Nikampigia yule wa Magu, ugomvi nimeshaupanga kichwani.
"Kumbe ulikuwa unajua!"
Akacheka mpaka akakohoa.
"Ule mlio? Wanangu wakiusikia tu kule kona
wanazima televisheni, wanashika madaftari.
Gari la sasa halilii, dada.
Ndiyo kwanza najua wanaangalia nini."
Salio likakata.
Au yeye alikata.

Jioni hiyo nikapandisha kilima
mnyamavu kama mwizi wa kuku.
Hakuna aliyekimbilia geti.
Nikachungulia dirishani, nikijiandaa na televisheni.

Televisheni imezimwa.
Lushinge amevaa viatu vyangu vyeupe vya kazini,
sinia mikononi, analizungusha kama usukani.
Holo kaketi nyuma na mtoto wa jirani,
ni abiria, au wagonjwa, sikuelewa vizuri,
viti vyote vya sebuleni vimepangwa foleni ya kivuko,
na midomo yote mitatu, kwa bidii ya ajabu,
kwi-i-i-i-i,
halafu Lushinge, kwa sauti yangu, uchovu wangu uleule:
"Jamani hili gari!"

Nikabaki nje, beringi mfukoni.
Injini nimezima.
Mlio unaendelea.