Nenda Gari Likiwa Baridi
Usiende saa sita, Kerubo.
Nenda alfajiri, kabla muuzaji hajalipasha moto;
gari lililolala ndilo lisemalo kweli.

Gusa boneti. Ikiwa vuguvugu,
kuna kikohozi anachokuficha.

Inua zulia la nyuma, unuse:
tope la mafuriko ya South C
haliondoki kwa marashi ya limau.

Kilomita elfu arobaini, atakuapia.
Mbona pedali ya breki imelika
kama kisigino cha kandambili?

Na logibuku, dada, logibuku kwanza.
Mimi nilimpa Musyimi wa Ngong Road
akiba ya miaka minne,
kisha nikamnunulia chai.

Nakuandikia kutoka benchi la polisi, Kilimani,
mkononi ufunguo
wa gari la mjane wa Ruaka.