Mizani ya Manda

Kazi yangu ni kupima
masanduku ya kuhama
na watu wakisimama
hapa Manda kiwanjani.

Ndege ndogo haitaki
kilo isiyo na haki;
nasoma, sisikitiki,
namba iliyo mizani.

Majuzi boti kafika,
mtu mmoja kashuka
na sanduku lafumuka:
Bi Shufaa wa Langoni.

Amwendea binti yake
Thureya, na mwana wake,
arubaini itoke
yu naye kule Ufini.

Thureya nilimpima
mwaka ule, kasimama
papo hapa pake mama;
fomu haina “huzuni”.

Ruhusa kumi na tano;
zake, bila mabishano,
ishirini. Kwa mkono
akatoa vilo ndani:

achari ya embe changa,
pilipili za kutwanga,
udi, kahawa na kanga,
mbuzi ya kwao jikoni.

“Huko hazioti nazi;
ina kazi gani mbuzi?”
Akaniona si mjuzi,
akairudisha ndani.

Akatoa lake koti,
jipya, la sufu, na buti,
vingali vina risiti,
akavitupa kitini.

“Mbuzi ni ya nyanya yangu;
koti, kule kwa Wazungu
atanivisha mwanangu;
hii haiko dukani.”

Mizani ikatulia,
kumi na tano, sawia.
Kisha akaniambia:
“Ni mbali kiasi gani?”

“Kilomita,” nikajibu,
“elfu saba kwa hesabu
ya mstari, bila tabu,
unyookao angani.

Lakini ndia hupinda:
Nairobi utakwenda,
Doha usiku kupanda
tena, ungoje foleni.

Ukijumlisha yote,
kukaa, kungoja, kote,
kutwa na usiku wote
na saa nne pembeni.”

“Saa ni zenu, mwanangu.
Hesabu kwa sala zangu:
ngapi juu ya mawingu,
ngapi nitasali chini?”

“Adhuhuri, Nairobi;
hewani, ya magharibi;
isha, Doha; na ghaibi
alfajiri, anga gani?”

“Na kibla?” Nikanyamaza.
Hapa twajielekeza
shamali bila kuwaza,
chumbani na barazani.

Simu nikaifungua,
mshale ukatambua
Thureya anapotua
paji lake: ni kusini.

Kusini! Kwa hiyo basi
mama na binti, halisi,
miaka saba, kiasi,
hutazamana usoni,

mara tano kila siku,
yule kule, huyu huku,
bila nauli, si chuku,
na Maka iko katini.

Sikuwahi kumwambia.
Injini ilishalia,
naye akiangalia
sanduku mkokoteni.

Ijumaa, alfajiri,
nilipotoa takbiri,
nikawaona, si siri,
wawili huko mbeleni.

Buti kazivaa Lali
afyekaye nyasi kali,
hajali jua, hajali,
kando ya ndege, njiani.

Koti bado liko hapa,
joto nje likichapa;
mikono imejitupa
kuelekea kiblani.