Mengineyo

Kishikwambi kililetwa Jumatatu na kijana wa mitambo,
kimevishwa mpira mweusi kisije kikapasuka sakafuni.
Nikaambiwa: Aikaruwa, daftari sasa basi.
Mashine ikisimama, bonyeza sababu.
Moja, umeme. Mbili, nyuzi zimekatika.
Tatu, fundi anasubiriwa. Nne, chakula.
Na chini kabisa, tisini na tisa: Mengineyo.

Kiwanda chetu cha magunia, hapa Moshi,
vumbi la mkonge lafika hadi kwenye kikopo cha chumvi.
Mashine kumi na mbili, nami katikati yake
nahesabu gunia, dakika, uzito.
Sina ugomvi na hesabu.
Mama aliuza maziwa Kiborloni, akipiga mistari ya mkaa ukutani,
na hakuna aliyewahi kumdhulumu nusu lita.

Ila namba saba.
Kila siku, saa nne na ushee, inasimama.
Dakika sita. Umeme upo, nyuzi nzima.
Ni Senzota, anaizima mwenyewe,
anavua glavu, anaweka kiganja kwenye fremu
kama apimaye homa ya mtoto wa jirani.
Hasemi kitu. Anaiwasha.
"Niandike nini?"
"Andika nimeisalimia."
Salamu haina namba. Nikabonyeza tisini na tisa.

Mwisho wa mwezi grafu ikabandikwa chini ya saa ya ukutani.
Nguzo ya Mengineyo imeipita ya umeme kwa kimo.
Meneja akaizungushia wino mwekundu: Uvivu?

Senzota akaenda likizo, kwao Usangi.
Siku nane namba saba haikusimama hata dakika.
Kioo kijani, kijani, kijani,
tukapongezwa kwa soda.
Siku ya tisa, alfajiri, beringi ikalia
mlio uliowatoa walinzi getini.
Masaa kumi na moja, kipuri kiko njiani.
Nikabonyeza tatu: fundi anasubiriwa.
Ni kweli.
Si kweli.

Usiku ule nililifukua daftari chini ya sare chafu.
Pembeni mwa kurasa za mwaka juzi, kwa penseli:
*Saba ina joto, kasema S.*
*Saba inakohoa. S. katia grisi.*
Mwandiko wangu. Nilikuwa najua,
kisha nikapewa orodha, nikaacha kujua.

Nimemwomba kijana aongeze sababu moja tu.
Anasema mfumo haupokei neno la herufi zaidi ya nane.
Nimehesabu kwa vidole:
kiganja ni saba.