Siku ya Kumvua Hekaheka Viatu

Leo nimemvua Hekaheka viatu.
Misumari sita kila kwato, mingine imeliwa na chumvi ya hewa,
nimeing'oa mmoja mmoja, mguu wake mapajani mwangu
kama kichwa cha mtoto anayenyolewa.
Hakuvuta. Alinipumulia kisogoni
pumzi ya majani makavu na dawa ya minyoo.

Miaka kumi na minne, kutoka Kurasini hadi uwanjani,
siku za watani wa jadi,
watu maelfu wakitaka kupita mlango wa watu wawili.
Gari la king'ora walilizoea, walilipigia makofi.
Lakini yeye akigeuza ubavu tu,
ubavu ule mpana unaofuka mvuke,
umati ulirudi nyuma wenyewe, kwa adabu,
na jamaa mmoja mwenye jezi nyekundu akauliza:
"Kondo, huyu naye anashabikia nani?"
Nikamwambia, pumba.

Sisi wa pwani hii
farasi tulimjua kwa jina kabla ya kumjua kwa harufu.
Jina lilishuka bandarini likakaa vinywani mwetu;
mwenye jina alikwenda bara akafa njiani,
mbung'o walimngoja kabla hajavuka Ruvu.
Waliomleta wakamzika, wakaleta mwingine, wakamzika.
Kisha wakatutazama mabega.
Farasi alipokufa tulirithi mzigo wake:
shanga, vitambaa, risasi, kitanda cha bwana cha kukunja.
Kwa hiyo ninapoinama chini ya tumbo lake
siinami kwa mnyama mgeni.
Tuliwahi kushika zamu moja.

Jirani yangu wa Mbagala amenunua jenereta.
Anajisifu: ina nguvu za farasi saba!
Nimeisikiliza usiku kucha ukutani.
Hakuna hata mmoja aliyepiga chafya.

Juzi Daktari Nasemba alikuja na karatasi ya ustawi,
akatusomea kivulini, miwani ikimteleza puani:
asishinde na njaa wala kiu,
alale mahali pasipomuumiza,
akiugua atibiwe,
asitiwe hofu,
aachwe afuate silika yake.
Nikahesabu kwa vidole, mkono wa kulia wa farasi,
wa kushoto wangu.
Wa kulia ulijaa.
Wa kushoto nilikunja viwili, cha tatu nikakiacha nusu,
maana mshahara hutoka tarehe ishirini na tano,
au ishirini na nane.

Sikumwonea wivu, hapana.
Nilimkumbuka punda wa maji wa kule Chanika,
madumu manane, kidonda mgongoni upana wa kisahani,
sheria hiyo hiyo inapita juu yake
kama ndege inayotafuta uwanja wa kutua.
Methali yake tunaijua sote.
Tena tunaitaja tukicheka.

Koplo Masele, aliyempanda miaka tisa,
alisema hatakuja. Alikuja.
Alisimama na kofia mkononi, akamkwaruza nyuma ya sikio,
pale paliponyooka nywele tangu chupa ile ya mwaka wa mvua nyingi,
akauliza, "Akitembea bila chuma hataumia?"
Nikasema, mwanzoni.
Kwato huchukua muda kuamini ardhi.

Tukamfungulia kiwanja cha nyuma.
Alikwenda hatua nne akasimama,
akageuza masikio kutafuta mlio wake.
Hakuusikia.
Akainua mguu, akautua polepole,
akauinua tena.

Stoo, Sajini Mgonja alifungua daftari.
"Viatu vya farasi, vinne. Lete."
Nikampangia mezani, bado vina joto la mikono yangu.
Akavipima kwa macho, akasema hiki si cha seti hii,
hiki cha nyuma kushoto kimetoka wapi?
Nikamweleza: cha awali kilibaki uwanjani,
siku lile geti lilipoanguka na yeye akabaki amesimama
mpaka mtoto wa mwisho akatolewa chini ya tumbo lake.
Sajini akanitazama kidogo.
Akaandika: kimoja hakilingani.
Akaniambia nisaini.