Gia Zimeingia Ndani

Januari, Tjitske alianguka kwenye daraja la Harlingen
akiwa amesimama. Fikiria: amesimama.
Daraja lilikuwa juu kupisha meli ya changarawe,
likashuka, watu wakaondoka, yeye akabaki
na gia nzito aliyoachiwa na upepo wa mgongoni.
Akakanyaga. Pedeli ikakataa, goti likakubali,
akalala ubavu kwenye chumvi ya barabarani.

Miaka thelathini na moja daraja lile nililiinua mimi.
Niliwaona wengi wakikwama vile.
Niliwacheka, kidogo tu, nyuma ya kioo.

Oene fundi alisema, "Hylke, nunua mpya."
Lakini baiskeli hii aliipanda kabla hajanijua.
Kati yao wawili, mgeni ni mimi.

Nikaigeuza miguu juu sebuleni, juu ya magazeti.
Kibadili gia kilining'inia kama kidole kilichoteguka,
meno saba ya nyuma yamelika, yamejaa mchanga,
jani moja la vuli, na unywele mrefu
wa rangi ambayo Tjitske hana tena.
Kila kitu nje, mvuani, kama mtu anayepika barabarani.

Kitovu nilikipata Franeker, kwa binti wa tarishi,
kizito kama kopo la maharage,
gia tatu tumboni, wala huoni hata moja.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
ya kitovu, tone la mafuta.

Spoki thelathini na sita juu ya meza ya kulia.
Vuka mbili kwa juu, ya tatu pita chini.
Usiku wa kwanza nilisuka gurudumu zuri kabisa
ila tundu la kujazia upepo likaangukia kwenye makutano,
pampu haiingii, hata sindano ingeomba njia.
Nikafumua zote. Sikumwambia.
Alijua. Chai yangu ilikuwa imepoa kikombeni.

Usiku wa pili nilizibana mbili mbili, nikisikiliza:
iliyolegea hunung'unika, iliyokaza hulia juu.
Nafasi ya fremu ikazidi kitovu kwa milimita sita,
nikaziba kwa washa, tatu huku, tatu kule.
Mnyororo nikaupunguza pingili kumi na moja
(bado zipo dirishani, Tjitske hataki nizitupe),
ukanyooka, meno ya mbele kwa meno ya nyuma,
kama watu wawili waliokwisha kubishana.

Lakini kati ya gia ya pili na ya tatu
palikuwa na mahali patupu,
miguu inazunguka, barabara haijui.
Nikakaza waya nusu mzunguko.
Mno. Nikarudisha robo.
Hapo ndipo pakafungwa, na hadi leo siwezi kueleza
kwa nini robo ile ilinitoa machozi.

Jumamosi tulitoka. "Imenona nyuma," alisema,
akaipigapiga tandiko kama ng'ombe wa maonyesho.
Upepo ulitusukuma hadi darajani, taa nyekundu ikawaka,
kizuizi kikashuka, tukatua mguu mmoja mmoja chini.
Mashua ya mtalii fulani ilipita polepole kwa makusudi.

Ndipo kidole gumba chake, kile chenye yabisi,
kikasogea mara mbili kwenye hendeli.
Ka. Ka.
Hakuna kilichoonekana kuhama.
Gurudumu limesimama, mnyororo umetulia,
na humo ndani, gizani, kwenye mafuta,
mzigo ulikuwa umeshashushwa.

Kizuizi kikapanda. Tjitske akaondoka wa kwanza,
mgongo wima, bila hata kunyanyuka kwenye tandiko.

Mimi nilibaki na ya kwangu, ya mashindano, ya zamani,
gia nzito, upepo umenyamaza,
nikakanyaga, pedeli ikakataa.
Siku hizi daraja halina mlinzi, huendeshwa kutoka mbali.
Juu ya nguzo, kamera ilinigeukia.
Sijui kama kuna mtu alicheka.