Shaba ya Kilembe, Saa Nane Usiku

Waya huu baba aliufunga kiunoni
siku mgodi wa Kilembe ulipokata pumzi.
Kiinua mgongo hakupewa; alijilipa shibiri tatu za shaba,
akazificha nyuma ya picha ya harusi.
Mimi nimeuyeyusha katika asidi,
nikaukaanga hadi ukawa masizi,
nikautwanga na bariamu na itriamu
kwenye kinu cha kauri, adhuhuri hadi magharibi,
mchi ukigonga kana kwamba nasaga karanga za mgeni.

Nisamehe, Kule mwana wa Maate.
Urithi wako sasa ni kidonge cheusi,
kidogo kuliko kifungo cha shati.

Opolot amerudi kutoka Entebbe kwa boda,
chupa ya baridi mapajani.
Naitrojeni tumeiazima kwa watunza mbegu za mafahali.
Bwana wa ghala kamuuliza, "Ng'ombe wenu wako malisho gani?"
Kamjibu, "Wetu hawaonekani, ila hutembea wawili wawili."

Ndivyo walivyo. Katika joto la Kampala
kila elektroni na ugomvi wake,
na ugomvi huo ndio unaochemsha nyaya.
Mimina baridi, nyuzi mia na tisini na sita chini ya sifuri,
na hawa wasiopatana tangu kuumbwa
hushikana mikono, wakapita bila kugusa ukuta.
Nani kawafungisha ndoa?
Katika risasi na bati, mshenga tunamjua.
Katika shaba, miaka inakwenda,
mshenga hajajitokeza kudai chake.

Basi nafanya kazi ya mfitini.
Kwa leza kuukuu, iliyofungwa mkanda mbavuni,
napiga mwanga mara mbili:
wa kwanza kuvunja,
wa pili kuuliza.
Kati ya pigo na swali nasogeza kioo.
Unene wa unywele mmoja wa safari ya kioo
ni nusu ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde.
Kufumba na kufumbua? Kwao hiyo ni enzi;
falme zimeinuka zikaoza
kabla kope haijaigusa kope.

Na aliyeachwa harudi kuwa elektroni ya jana.
Ni mithili ya chembe, si chembe:
yeye, pamoja na mtikisiko wa majirani anaoukokota,
kama mtu atokaye matangani
na vumbi la miguu ya watu wote katika kanga yake.
Wawili wakirudiana hutupa mtikisiko nje,
nao ukaenda kuvunja nyumba ya tatu.
Ndiyo maana suluhu huchelewa.

Mama apiga simu. Halali sana
tangu mto Nyamwamba uchukue jiko lake.
"Ithungu, hicho kidonge kitashusha bei ya Yaka?"
Bado, mama.
"Na baba yako, humo ndani, umemwonaje?"
Natafuta neno. Nasema:
Amepoa. Hana ukinzani wowote.
Anacheka mpaka anakohoa.
"Basi huyo siye."

Saa tisa kasorobo umeme ukakatika.
Kilima chote cha Makerere giza,
naitrojeni ikichemka peke yake kikombeni, ikinong'ona.
Nimebaki na nukta arobaini daftarini,
nilizonakili kwa kalamu kwa kuwa kompyuta siiamini.
Mstari unaporomoka ghafla,
kisha unakawia,
unavuta mkia mrefu usiofika sifuri.
Opolot asema ni kelele za chombo.
Huenda.
Nimewasha tochi ya simu, naupima mkia kwa rula.
Kuna wawili mle ndani
bado hawajaonana.